Barua ya wazi: Watoto wa umri mbalimbali hawatoshelezwi na hukumu moja

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia Mahakama za Kadhi, ustawi wa jamii na elimu,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

YAH: KUANGALIA UMRI WA KILA MTOTO PALE WAZAZI WANAPOACHANA

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, mkaazi wa Pemba, na ni bibi mzaa mama wa watoto wanne ambao wazazi wao waliachana miaka miwili iliyopita. Ninaandika hadharani kwa sababu njia za faragha zimenishinda. Nilianza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yetu, naye kwa heshima zake akanielekeza wilayani. Wilayani niliambiwa kwamba suala la malezi na matunzo ni la mahakama, na mahakamani nikaambiwa kwamba mwenye kesi ni mama wa watoto, si bibi yao, na kwamba hukumu imekwishatoka. Niliandika barua na kuacha nakala katika kila ofisi niliyopita, na hadi ninapoandika haya sijajibiwa na yeyote. Mahakama iliyohusika sitaitaja, wala sitamtaja aliyekuwa mkwe wangu, kwa kuwa simshitaki mtu hapa. Niliyoyaona nyumbani kwangu niliyaona pia kwa watoto wengi niliowasomesha, na ndiyo sababu ninayaleta kwenu.

Niseme mapema kwamba sipingi talaka. Suratul Baqara imetuamrisha kukaa kwa wema au kuachana kwa ihsani, na nimewahi kuwa na wanafunzi walioanza kusoma vizuri baada ya wazazi wao kuachana, kwa sababu usiku walipata kulala bila kusikia matusi ya chumba cha pili. Ninacholalamikia ni kwamba talaka inapofika mbele ya wahusika, watoto wote wa nyumba ile huchukuliwa kuwa ni kitu kimoja, huandikiwa sentensi moja, na sentensi ile huachwa kama ilivyo hadi wa mwisho wao awe mtu mzima.

Wenzetu wa nchi nyingine walishalichunguza jambo hili. Huko California, Marekani, kuanzia mwaka 1971, Judith Wallerstein na Joan Kelly walizifuatilia familia 60 zilizoachana, zenye watoto 131, na wakaona kwamba mtoto wa miaka minne, wa minane na wa kumi na minne hawaumii kwa namna moja. Baadaye, mwaka 1991, Paul Amato na Bruce Keith walizikusanya tafiti 92 zenye watoto zaidi ya 13,000, wakaona kwamba kwa wastani tofauti baina ya watoto ambao wazazi wao waliachana na wenzao ipo, lakini si kubwa kiasi kinachodhaniwa, na kwamba ugomvi wa wazazi una sehemu kubwa katika madhara yanayoonekana. Watoto wale wa California hawakuishi na bibi, shangazi na majirani kama wetu, kwa hiyo sisemi tuwachukue kuwa kipimo chetu katika kila jambo. Nasema tu kwamba mtoto wa miaka minne aliyeachwa na baba huko na wa hapa kwetu huuliza swali lilelile: baba ameondoka kwa sababu yangu?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Fikihi tunayoifuata, yaani elimu ya sheria za dini yetu, imewagawa watoto kwa umri tangu zamani. Katika Suratul Baqara kunyonyesha kumewekewa miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza muda huo, na aya hiyohiyo ikaonya kwamba mama asitiwe tabuni kwa ajili ya mwanawe wala baba kwa ajili ya mwanawe. Hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo, ni ya mama, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Visiwani, mtoto anapofikia tamyizi, yaani umri wa kupambanua mambo, kiasi cha miaka saba, hukhiyarishwa, yaani hupewa hiari ya kuchagua, baina ya wazazi wake. Kisha huja baleghe na hukumu zake. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971, ambayo huku kwetu haitumiki, imeuangalia umri huo wa miaka saba pale inapozungumzia mtoto mdogo kukaa na mama yake. Basi elimu ya kuwatenganisha watoto kwa umri tunayo, na tumeisoma tangu chuo cha Kurani. Karatasi zinazotoka mahakamani ndizo zisizoionesha.

Wasiwasi wangu ni huu ufuatao.

1. Watoto wanaandikwa kwa mstari mmoja.

Hukumu ya wajukuu zangu inasema kwamba watoto wanne watakaa na mama yao na baba atatoa matunzo ya kila mwezi. Haina majina yao, haina umri wao, wala haina siku ambayo baba atawaona. Siku ilipotolewa, msichana mkubwa alikuwa na miaka 13, mdogo wake wa kiume miaka 9, anayemfuata miaka 4, na kitindamimba alikuwa na miezi 7 na bado ananyonya. Ni sawa na fundi cherehani kuwapima wote wanne kwa kumpima mmoja.

Mtoto wa miezi 7 yumo katika umri ambao huanza kumtambua anayemlea na kumlilia akitoka mbele ya macho yake. Baba anayemtokea mara moja baada ya miezi mitatu ni mgeni kwake kila anapokuja, na mtoto akimlilia, baba huona amefundishwa kumchukia. Mtoto wa umri huo anahitaji kumwona baba mara kwa mara, kwa saa chache, karibu na anayemlea, mpaka amzoee. Kwetu haikuwa hivyo. Alichukuliwa na jamaa za baba kwa siku kadhaa kabla hajaachishwa ziwa, kwa hoja kwamba hukumu haikukataza, na aliporudi hakutaka kushushwa chini, na usiku akawa anashituka na kulia. Sikuwalaumu jamaa zake, kwa kuwa nao walikuwa na hamu ya kumwona mtoto wao na hapakuwa na aliyewaeleza lolote.

Yule wa miaka 4 alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akarudia. Akawa haniachii hata nikienda msalani. Siku moja akaniuliza kama baba ameondoka kwa sababu yeye aliiangusha simu ya baba ikapasuka kioo. Mtoto wa umri huo huamini kwamba mambo makubwa ya nyumbani yametokana na yeye, na asipoambiwa kinyume chake na wazazi wenyewe, kwa maneno mepesi na mara nyingi, hubaki na mzigo huo moyoni huku watu wazima wakisema kwamba bado mdogo, haelewi kitu. Sikuona katika mwenendo wote wa kesi ile mtu yeyote aliyewaketisha baba na mama akawaambia namna ya kuzungumza na mtoto huyu.

2. Miaka saba imegeuzwa kuwa siku ya kumchukua mtoto.

Kukhiyarishwa ni kuulizwa. Imepokewa katika hadithi ya Abu Hurayra kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa kijana ambaye wazazi wake walikuwa wakimgombania, akamwambia: huyu ni baba yako na huyu ni mama yako, mshike mkono umtakaye, naye akaushika mkono wa mama yake. Aliulizwa mtoto mwenyewe. Katika mitaa yetu, jambo hilo limegeuka kuwa kama mkataba unaofikia ukomo. Mtoto akitimiza miaka saba, hasa akiwa wa kiume, baba au ndugu zake hufika na begi, husema "ameshafika miaka saba, tumekuja kumchukua mwana wetu," na mtoto huondoka siku hiyohiyo, akaiacha skuli yake, chuo chake na wadogo zake. Mahakama haikuhusishwa, na mtoto mwenyewe hakuulizwa. Pale anapoulizwa, huulizwa mbele ya wote wawili, huku baba amekunja uso na mama analia.

Umri huo wa miaka sita hadi minane ndio ambao mtoto huomboleza waziwazi. Niliwafundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi, na wale ambao wazazi wao waliachana niliwajua bila kuambiwa. Alikuwapo aliyechora nyumba ileile kila siku, yenye baba na mama mlangoni, wala sikumzuia. Mtoto huyu bado anatumaini kwamba wazazi watarejeana, na kumhamisha ghafla humpotezea mzazi wa pili kabla hajamaliza kumlilia wa kwanza. Sisemi asihamishwe kabisa. Wapo baba wanaolea vizuri kuliko mama, nami nawajua. Nasema asihamishwe katikati ya mwaka wa masomo na bila kuulizwa mahali penye utulivu, na asipelekwe kwa mama wa kambo ambaye hajapata hata kumjua jina.

3. Watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili wamefanywa kuwa matarishi.

Mjukuu wangu wa pili ndiye anayempigia baba simu kumkumbusha matunzo. Mama yake alimwambia apige, kwa sababu yeye akipiga haipokewi. Baba naye humwambia mtoto: mwambie mama yako nilishatuma, aliitumia wapi? Mtoto wa miaka kumi na moja ameyabeba maneno ya pande zote mbili, na kila upande anaoufikia anaonekana kuwa ametumwa na adui. Umri huu una ghadhabu na una hukumu kali. Mtoto hutafuta mwenye kosa, akishampata humchukia kwa ukamilifu, na mzazi asiye na busara humtumia kwa ajili hiyo. Yeye alichagua kumlaumu mama yake, kwa sababu mama ndiye aliye karibu na anaweza kulaumiwa.

Dalili zake mara nyingi huonekana mwilini. Aliumwa na tumbo kila Jumapili usiku, tukampeleka kituo cha afya, hakukutwa na maradhi. Mwalimu wake wa darasa alimwandikia kwamba ni mvivu na mgomvi, na simlaumu, kwa sababu hakuwa na habari. Skuli zetu zina walimu waliopewa kazi ya ushauri nasaha, lakini hakuna utaratibu wowote wa kuifikishia skuli taarifa kwamba nyumba ya mtoto imevunjika. Mwalimu husikia kwa watoto wenzake, na anaposikia huwa mwaka umekwisha.

4. Walio na miaka kumi na mitatu na zaidi wanahesabiwa kuwa wameshakua.

Msichana mkubwa hakuulizwa kitu chochote na mtu yeyote tangu siku ya talaka. Ilionekana kwamba anajifahamu. Kwa kuwa anajifahamu, ndiye aliyeachiwa kuwaogesha wadogo zake, kupika, kufua, na kumtuliza mama yake usiku huku akisikia mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kutoka kwa mzazi. Alama zake za kidato cha pili zilishuka na hakuna aliyeshangaa, mimi nikiwa mmoja wa waliokuwa wameshughulishwa na wadogo. Wavulana wa umri wake huonekana haraka zaidi, kwa sababu huacha skuli, huenda dago, kambi za uvuvi za mbali, na wavuvi au huingia mashambani wakati wa karafuu wasirudi tena darasani. Msichana huacha skuli akiwa yumo darasani. Akija mtu wa kumwambia maneno matamu, humsikiliza, kwa kuwa nyumbani hakuna anayezungumza naye isipokuwa kumtuma. Na niongeze, kwa kuwa linaniuma, kwamba baba aliyempotea msichana huyu ndiye atakayetafutwa kwa simu na boti siku ya posa yake, kwa sababu yeye ndiye walii, mwenye haki ya kumwozesha.

5. Matunzo hayakui pamoja na mtoto, na hayafuatiliwi.

Kiwango kilichoandikwa katika hukumu kilipangwa wakati mmoja wa watoto alikuwa ananyonya na hakuna aliyekuwa kidato cha pili. Leo yupo wa sare, wa madaftari, wa nauli na wa masomo ya ziada, na kiwango ni kilekile. Hicho kilekile nacho hakiji kwa miezi mingi, na kinapokuja kwa njia ya simu hukatwa gharama ya kutolea, tukabaki na pungufu. Baba yao alihamia Dar es Salaam kwa biashara. Kuna wenzake waliokwenda Unguja, na wengine Omani. Niliuliza ni nani anayefuatilia amri ya mahakama mdaiwa akishavuka bahari, na sikupata jibu ambalo ningeweza kulieleza hapa.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba binti yangu ameshaolewa tena, yuko Unguja, na kwa fikihi yetu mama akiolewa na mtu asiyehusiana na watoto, hadhana humhamia bibi mzaa mama. Kwa hiyo kwa sheria ya dini mimi ndiye mlezi. Lakini hukumu imeandikwa kwa jina la mama, fedha zikitumwa huingia katika simu ya mama, na nikienda kudai huambiwa kwamba mimi si mhusika. Watoto wananitegemea mimi na pencheni yangu. Wapo bibi wengi wa namna yangu. Serikali ilipoanzisha Pencheni Jamii mwaka 2016 kwa wazee waliofikia miaka 70, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, ilikusudia mzee apate dawa na kitoweo chake, na tulishukuru na tunashukuru. Nawajua wazee ambao fedha ile yote huishia katika madaftari ya wajukuu ambao baba zao wako hai na wana nguvu.

Waheshimiwa, najua majibu mtakayopewa na walio chini yenu, kwa kuwa nimeshapewa mimi.

Mtaambiwa kwamba mambo haya ni ya ndani na wazee wa pande mbili watayamaliza. Ningefurahi. Suratun Nisaa imeagiza ateuliwe hakamu, yaani mwamuzi, kutoka kwa watu wa mume na hakamu kutoka kwa watu wa mke, na hapo zamani wazee wetu walifanya hivyo hasa. Lakini leo baba yuko mji mwingine, mjomba yuko Bara, na kikao cha wazee hufanyika kabla ya talaka, kwa ajili ya wanandoa. Sijawahi kuitwa katika kikao cha wazee kilichoitishwa kwa ajili ya watoto baada ya eda kwisha.

Mtaambiwa kwamba dini imeshasema na hakuna la kuongeza. Nimeshaeleza kwamba ninaloomba limo ndani ya dini. Kadhi akimwuliza mtoto anafuata hadithi, na akimpangia baba matunzo kwa kadiri ya wasaa wake anafuata Suratut Talaq, ambayo imemtaka mwenye wasaa atoe katika wasaa wake na aliyepungukiwa atoe katika kile alichojaaliwa.

Mtaambiwa kwamba baba hana kitu, asubiriwe karafuu. Hili nalo lina ukweli nusu. Karafuu haizai vizuri kila mwaka, nasi wa Pemba tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mtoto hula hata mwaka usio na karafuu, na mama zao wanaolima mwani, ambao bei yake hupanda na kushuka bila wao kuulizwa, huwa hawaruhusiwi kusubiri msimu. Baba asiye na fedha taslimu anaweza kupangiwa kutoa mchele, samaki, sare za skuli, au kodi ya shamba lake. Hilo linahitaji mtu wa kuketi na kuliandika.

Na mtaambiwa kwamba sheria inatosha. Kwa hili nakubali. Tunayo Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, inayomtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18 na kuyatanguliza maslahi yake, sheria ambayo mwaka 2015 ilitunukiwa tuzo ya kimataifa na tukaisherehekea. Tunayo Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya mwaka 2017. Nchi yetu iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao katika kifungu cha 12 unampa mtoto nafasi ya kusikilizwa kwa kadiri ya umri na upeo wake, na katika kifungu cha 9 unamhifadhia haki ya kuonana na wazazi wote wawili wanapotengana, isipokuwa pale itakapokuwa ni madhara kwake. Kwa kuwa sheria zipo, ninayoyaomba ni ya utendaji, na sehemu kubwa yake inahitaji karatasi na kalamu kuliko fedha.

Naomba kila hukumu inayogusa watoto iwe na jedwali la majina na umri wao, na mbele ya kila jina iandikwe anaishi na nani, mzazi wa pili atamwona lini na kwa muda gani, na matunzo yake ni kiasi gani. Naomba ndani ya hukumu hiyohiyo ziandikwe tarehe za kuirudia bila ya mtu kufungua kesi mpya: mtoto anapotimiza miaka miwili, anapotimiza saba, na anapoingia sekondari. Mlezi akibadilika, kwa mama kuolewa au kwa sababu nyingine, jina la mlezi na namba ya kupokelea fedha zibadilishwe kwa maombi mepesi ya siku moja.

Naomba mtoto aliyefikia tamyizi asihamishwe kutoka nyumba moja kwenda nyingine mpaka aulizwe, faragha, na afisa wa ustawi wa jamii au mwalimu anayemjua, na maneno yake yafikishwe kwa kadhi bila ya kusomwa mbele ya wazazi wake. Kuhama, kama kutakuwapo, kungojee mwisho wa mwaka wa masomo. Masheha waagizwe hivyo kwa maandishi, kwa sababu wao ndio wanaojua nani ameingia na nani ametoka katika shehia.

Naomba matunzo yapitie mahali penye kumbukumbu, ili mtoto asitumwe tena kudai na baba asipate kusema alishatuma. Kwa mwajiriwa, yakatwe katika mshahara wake. Kwa aliyevuka kwenda Bara, mahakama za pande mbili ziandikiane, nchi ni moja. Naomba pia mwalimu mkuu wa skuli ya mtoto apewe barua fupi ya siri siku hukumu inapotoka, isiyoeleza sababu za talaka wala aibu za mtu, inayosema tu kwamba mtoto huyu aangaliwe, na kwamba mzazi au mlezi wa kuitwa ni fulani.

Na kabla wazazi hawajaondoka mahakamani, naomba waketishwe kwa nusu saa na mtu mwenye elimu, sheikh, mwalimu au afisa ustawi, awaeleze watoto wao wa umri ule watakuwaje katika miezi inayokuja, nini wawaambie na nini wasiwaambie. Kama mkikosa mtu wa kulifanya hilo hapa Pemba, walimu wastaafu tupo, na hatutadai posho.

Mjukuu wangu wa tatu atatimiza miaka saba kabla ya skuli kufunguliwa mwaka ujao, na jamaa za baba yake wameshanitumia salamu kwamba watakuja. Sina nia ya kuwafungia mlango. Nataka mtoto aulizwe kwanza na mtu asiyekuwa wa upande wowote, na nataka kujua mtu huyo ni nani na ofisi yake iko wapi. Naomba jibu lenu lifike kabla ya hapo, kwa maandishi, kupitia kwa sheha wa shehia yangu, ambako nimeacha nakala ya barua hii iliyotiwa saini na namba yangu ya simu.

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Bibi wa watoto wanne na mwalimu mstaafu,
Pemba.